Kupima uchovu wa misuli kwenye mguu usiopata damu ya kutosha: njia ipi inamfaa nani?

"Mzee, umesimama kwa nini?" Nilimuuliza mgonjwa aliyekuwa ameegemea ukuta wa korido, dakika ya nne ya jaribio la kutembea. Nilitarajia jibu nililozoea, kwamba tafu limeanza kuuma. Akatikisa kichwa. "Maumivu nayajua, mwanangu. Leo hayajafika. Mguu umeisha nguvu tu, kisigino hakinyanyuki."

Fomu niliyoshika ilikuwa na nafasi moja ya kujaza: mita alizotembea. Nikaijaza. Lakini mtu mwingine akiisoma fomu ile hatajua kama kilichomsimamisha mzee ni maumivu, ni pumzi, au ni msuli uliochoka. Tangu siku hiyo sikubali kirahisi mtu akiniambia amepima uchovu wa misuli halafu akanionyesha umbali wa kutembea.

Uchovu wa msuli, tukizungumzia kipimo, ni kupungua kwa nguvu ambayo msuli unaweza kuitoa kwa sababu umefanya kazi, nguvu ambayo hurudi ukipumzishwa. Kuna na uchovu wa kuhisi, ule ambao mtu anausema kwa mdomo. Vyote viwili ni vya kweli na vyote vinastahili kupimwa, ila havipandi na kushuka pamoja. Mwaka 1954 mwanafiziolojia P. A. Merton aliuchosha msuli wa kidole gumba, kisha akazuia damu kwa mkanda wa presha. Nguvu haikurudi hadi damu iliporuhusiwa kupita tena. Mgonjwa wa ateri zilizobana, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, anaishi karibu na hali hiyo kila anapopanda ngazi: kwake damu haijazuiwa kabisa, lakini inayofika haitoshi kwa kazi, na baada ya kazi inachelewa kuusafisha msuli. Kwa hiyo kipimo kizuri kwake kinajibu maswali mawili: nguvu imeshuka kiasi gani, na imechukua muda gani kurudi.

Kwanza hakikisha unapima mguu wa aina gani. "Damu haizunguki vizuri miguuni" ni kauli pana. Wengine shida yao ni vena zinazoshindwa kurudisha damu juu, miguu ikavimba na kuwa mizito jioni. Hapa nazungumzia ateri. Hatua ya kwanza ni kugawanya presha ya kifundo cha mguu kwa presha ya mkono. Jibu likiwa 0.90 au chini, ateri zimebana. Kati ya 1.00 na 1.40 ni kawaida, na katikati ya viwango hivyo viwili ni eneo la mpakani. Likizidi 1.40, ateri zimekakamaa hata mkanda hauzibani ipasavyo, jambo la kawaida kwa wenye kisukari cha miaka mingi au ugonjwa wa figo; hao hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu. Ila namba hii inakueleza hali ya bomba. Watu wawili wenye 0.65 wanaweza kuwa na misuli inayochoka tofauti kabisa, na ndiyo sababu tunahitaji vipimo vingine.

Korido au tredmili

Jaribio la dakika 6 linataka korido iliyonyooka ya mita 30 hivi, koni mbili na saa. Mgonjwa anatembea kwenda na kurudi kwa mwendo wake, anaruhusiwa kusimama na kuendelea, na saa haisimami. Kwenye tredmili, utaratibu unaotumiwa sana kwa wagonjwa hawa ni wa Gardner: kasi ya kilomita 3.2 kwa saa bila kubadilika, mkanda ukianza tambarare na kuinuliwa asilimia 2 kila baada ya dakika 2. Unaandika maumivu yalipoanza, kisha mgonjwa aliposhindwa kabisa.

Tredmili inapendwa kwa sababu mzigo ni uleule kwa kila mtu na mtu anapelekwa hadi mwisho wake. Hata hivyo mimi nachagua korido. Mzee wa miaka 70 ambaye hajawahi kukanyaga mkanda unaotembea anaogopa, anashika vyuma vya pembeni, na kila kilo anayoiegemeza kwenye chuma ni kilo ambayo tafu halikuibeba. Muda unaonekana mrefu kuliko uwezo wake. Jaribio la pili na la tatu anafanya vizuri zaidi kwa sababu amezoea mashine, si kwa sababu msuli umepona. Katika utafiti hata wasiopewa tiba yoyote huongeza muda wao kwenye tredmili. Isitoshe, maisha yake hayana mwinuko unaoongezeka kila dakika 2. Yana safari ya kawaida, kusimama, kupumua, kuendelea.

Pamoja na hayo, yote mawili yanapima uwezo wa kutembea, si uchovu wa msuli. Yanachanganya maumivu, moyo, mapafu, magoti, woga na hamu ya kujitahidi. Ukitaka korido iseme jambo kuhusu msuli, ongeza safu mbili kwenye fomu. Kila mgonjwa anaposimama, na mwisho wa jaribio, muulize maumivu kwa kipimo cha 0 (hakuna) hadi 4 (makali kabisa), halafu muulize uchovu wa mguu peke yake kwa kipimo cha Borg, ambapo mtu anautaja uchovu anaouhisi kwa namba ya 0 (hakuna) hadi 10. Uliza kwa maneno mawili tofauti na usikubali jibu moja kwa yote mawili. Andika pia mita alizofika katika kila dakika. Mwendo unaoshuka dakika baada ya dakika ilhali maumivu bado yako 1 ni ishara usiyoipata kwenye jumla ya mita.

Kunyanyua visigino: kipimo rahisi kinachodharauliwa

Kama ningebakiwa na kipimo kimoja, ningebaki na hiki. Kinagusa msuli wenyewe unaolalamika, kwa sababu ateri ya paja ikibana, tafu ndilo hukosa damu. Kinahitaji ukuta, utepe na metronomu (kigonga mdundo) ya simu.

Mgonjwa anasimama kwa mguu mmoja, goti limenyooka, ncha za vidole vya mikono zikigusa ukuta kwa ajili ya usawa tu. Anapanda juu kadiri awezavyo mara moja, na wewe unafunga utepe pale sehemu ya juu ya wayo ilipofika, ili kila anapopanda augonge. Metronomu iwe mapigo 60 kwa dakika: pigo moja kupanda, pigo moja kushuka, yaani minyanyuko 30 kwa dakika. Hesabu inasimama anapokosa utepe mara mbili mfululizo au anapopoteza mdundo.

Angalia kwa makini minyanyuko ya mwisho, maana ndipo wapimaji wanapotofautiana. Kwanza kisigino kinaanza kupanda robo tatu. Halafu goti linakunjika kidogo, ili paja lisaidie. Halafu mwili mzima unasogea mbele na vidole vinabonyeza ukuta mpaka kucha zinakuwa nyeupe. Asiyeangalia atahesabu minyanyuko mitano zaidi ambayo tafu halikuifanya. Nakushauri uchukue video kutoka ubavuni, kwa ruhusa ya mgonjwa, na uhesabu ukiwa umetulia.

Namba ya 25 iliyozoeleka vitabuni ni ya watu wazima wenye afya. Wazee wengi hawaifikii hata kama ateri zao ni safi, kwa hiyo usiitumie kumhukumu mtu. Mlinganishe na mguu wake wa pili kama mmoja una nafuu, na mlinganishe na yeye mwenyewe. Hapa kipimo hiki kinaonyesha thamani yake: kifanye akiwa amepumzika, kisha siku nyingine kifanye mara tu baada ya kutembea dakika 6. Kama alifika 18 akiwa mpya na 9 baada ya kutembea, umeona nusu ya uwezo ikiondoka, na ukirudia baada ya dakika kadhaa za kukaa utaona inavyorudi. Usisahau kuandika maumivu aliyokuwa nayo alipoacha. Aliyeacha kwenye 9 akiwa na maumivu 4 na aliyeacha kwenye 9 akiwa na maumivu 1 ni wagonjwa wawili tofauti.

Hakimfai kila mtu. Asiyeweza hata mnyanyuko mmoja kwa mguu mmoja afanye kwa miguu miwili, na matokeo hayo yasichanganywe na ya mguu mmoja. Mwenye kidonda kwenye wayo au kidole asifanye kabisa. Na mwenye kisukari kilichoharibu neva za miguu anaweza kushindwa kwa sababu neva hazileti amri, si kwa sababu damu haifiki. Kwake hesabu ndogo haikuambii chanzo.

Dinamomita: namba safi, mitego miwili

Dinamomita ya isokinetiki ni kiti kikubwa chenye mkono wa chuma na sahani ya kufungia wayo. Mashine inashikilia kasi, mgonjwa anasukuma kwa nguvu zake zote, na kila msukumo unarekodiwa. Ukimpa misukumo 30, unalinganisha wastani wa mitano ya kwanza na wa mitano ya mwisho. Tuseme alianza na nyutoni-mita 60 (kizio cha nguvu ya kuzungusha) akamaliza na 39: nguvu imeshuka kwa asilimia 35. Hicho ndicho uchovu kwa maana yake halisi, na hakuna kipimo kingine kati ya hivi kinachoutaja waziwazi namna hiyo.

Mtego wa kwanza uko kwenye asilimia yenyewe. Mgonjwa mwingine anaanza na 30 na kumaliza na 24, mshuko wa asilimia 20. Kwa karatasi anaonekana anachoka kidogo kuliko mwenzake. Ukweli ni kwamba alianza dhaifu, kazi aliyoifanya ni ndogo, na msuli wake uliomba damu kidogo. Vilevile anayejibania mwanzoni ili abaki na akiba ataonekana shujaa mwishoni. Kwa hiyo andika nguvu ya mwanzo, jumla ya kazi na asilimia ya mshuko, vyote vitatu. Asilimia peke yake isitoke kwenye chumba cha kipimo.

Mtego wa pili ndio uliowahi kuharibu kazi nyingi, na nauandika kwa msisitizo. Mtu yeyote, hata mwanariadha, akikaza tafu kwa nguvu kubwa na kushikilia bila kuachia, msuli wenyewe unaminya mishipa iliyo ndani yake na damu inakatika. Ukimpima mgonjwa wa ateri kwa mkazo wa kushikilia, na ukampima mtu mwenye afya kwa mkazo uleule, umewanyima damu wote wawili. Tofauti uliyoitafuta umeifuta kwa mkono wako. Mzigo lazima uwe wa kukaza na kuachia, kukaza na kuachia, kwa sababu ni pale msuli unapoachia ndipo damu inapopita, na ni pale ambapo ateri iliyobana inamwangusha mgonjwa. Mzigo uwekwe kama sehemu ya nguvu ya juu ya mtu huyo mwenyewe, ukitaka kujua ubora wa msuli. Ukitaka kujua ataishi vipi na ngazi za nyumbani, weka mzigo uleule kwa wote, kwa kuwa ngazi hazipunguzwi kwa ajili ya aliye dhaifu.

Dinamomita ndogo ya mkononi ni rahisi na inabebeka, lakini kwa tafu siiamini. Tafu la mtu, hata mgonjwa, mara nyingi linaushinda mkono wa mpimaji, na unachokipima kinakuwa nguvu ya mpimaji. Ikifungwa kwa mkanda imara kwenye kitanda au ukutani inafaa. Kwa msuli wa mbele wa mundi, unaonyanyua wayo, inafaa hata bila mkanda.

Elektrodi au mwanga

Elektromaiografia inasikiliza umeme wa msuli kupitia elektrodi zilizobandikwa kwenye ngozi. Msuli unapochoka, mawimbi yanakuwa ya polepole: masafa yake, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde, yanashuka kwa sababu ishara zinasafiri polepole zaidi kwenye nyuzi, na mkazo ukiwa wa wastani, ukubwa wa ishara unapanda kwa kuwa mwili unaita nyuzi zaidi kusaidia. Faida yake kubwa ni kwamba inaona uchovu unavyojengeka kabla mgonjwa hajashindwa.

Kwa mguu wa ateri, hata hivyo, kuna jambo linalosahaulika: baridi. Msuli uliopoa unapitisha ishara polepole na kushusha masafa hata kama haujachoka, na miguu hii mara nyingi ni ya baridi. Ukipima mguu baridi asubuhi na mguu uliopata joto mchana, utaandika uchovu ambao ni hali ya joto tu. Mpe mgonjwa muda akae kwenye chumba chenye joto, pima joto la ngozi, liandike. Nyoa na safisha sehemu ya kubandika, weka elektrodi milimita 20 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine kwenye tafu la ndani, na weka alama ya kalamu ili uzirudishe palepale. Tumia mkazo uliotulia unapochambua masafa, kwa sababu wakati wa kutembea msuli unateleza chini ya elektrodi na ishara inavurugika. Ndiyo, mkazo uliotulia unarudi kwenye mtego wa kushikilia. Dawa yake ni kufanya kazi ya kukaza na kuachia, kisha kupachika mkazo mfupi wa majaribio wa sekunde chache kila baada ya muda.

Spektroskopia ya infraredi ya karibu haisikilizi umeme. Inapeleka mwanga ndani ya tafu na kusoma ni hemoglobini kiasi gani bado imebeba oksijeni. Kwa mgonjwa wa ateri picha yake inaonekana wazi: akianza kutembea, oksijeni inashuka ghafla na kubaki chini, na akisimama inapanda polepole. Muda wa kurudi nusu ya njia ndiyo namba ninayoipenda kuliko zote kutoka kwenye kifaa hiki, kwa sababu haitegemei sana ujasiri wa mgonjwa. Kifaa kinavaliwa kwenye mguu na mtu anatembea nacho.

Udhaifu wake ni mafuta. Mwanga unafika kina cha takriban nusu ya umbali kati ya taa na kipokezi. Umbali wa milimita 35 unakupa kama milimita 17. Tafu lenye mafuta mazito chini ya ngozi litakupa habari za mafuta. Melanini nayo hufyonza sehemu ya mwanga, basi usilinganishe kiwango cha mtu mmoja na cha mwingine kama vile ni kipimo cha joto. Linganisha mabadiliko ndani ya mtu yuleyule, mahali palepale. Na kumbuka kifaa hiki kinapima sababu, si matokeo. Oksijeni kushuka si uchovu. Ni njia inayoelekea huko, na watu wawili wenye mshuko mmoja wanaweza kupoteza nguvu kwa viwango tofauti.

Kuna pia spektroskopia ya fosforasi ndani ya mashine ya sumaku, inayoangalia fosfokreatini, akiba ya nishati ya haraka ya msuli, inavyojijaza upya baada ya kazi. Kwa kuelewa kinachoendelea ndani ya chembe haina mpinzani. Ni ya maabara ya utafiti, mwenye kifaa cha moyo cha umeme anaweza kuzuiwa kuingia, na sioni sababu ya kumpeleka huko mgonjwa wa kliniki.

Nichague ipi?

Ukiwa kliniki yenye korido na ukuta tu, fanya dakika 6 zenye safu mbili za maumivu na uchovu, na minyanyuko ya visigino kabla na baada kwa siku mbili tofauti. Ongeza presha ya kifundo kabla na mara baada ya kutembea kama una Dopla, kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu. Ikishuka kwa zaidi ya milimita 30 za zebaki, umeunganisha uchovu na damu kwa kipimo cha bei ndogo. Huna unachokosa kikubwa.

Ukifuatilia mpango wa mazoezi wa wiki 12, usiangalie umbali peke yake. Mara nyingi mgonjwa anajifunza kuvumilia maumivu, umbali unaongezeka, na msuli uko palepale. Huo uvumilivu ni faida kwake, lakini si faida ileile. Visigino vitakutenganishia mambo hayo, na dinamomita itafanya hivyo vizuri zaidi ikiwa ipo.

Ukifanya utafiti kuhusu msuli wenyewe, oanisha dinamomita na mwanga wa infraredi kwenye kazi ya kukaza na kuachia. Moja inakupa nguvu iliyopotea, nyingine inakupa oksijeni iliyokosekana, na unapoziweka kwenye mstari mmoja wa muda unaona ipi ilitangulia. Elektromaiografia iongeze pale tu ambapo kuna mtu anayeijua vizuri.

Mgonjwa akikuambia miguu inachoka lakini akiinama mbele au akikaa anapata nafuu haraka, na baiskeli haimsumbui, fikiria mgongo kabla ya ateri. Kwa mtu huyo presha ya kifundo na infraredi ndivyo vyenye kazi, kwa sababu tafu ambalo neva zake zimebanwa mgongoni halikosi oksijeni namna ile.

Na kuna mguu usiopimwa uchovu kwa njia yoyote. Mwenye maumivu ya usiku yanayomlazimu kuning'iniza mguu kitandani, au mwenye kidonda kisichopona, aende kwanza kwa daktari wa mishipa. Usifunge mkanda wa kuzuia damu juu ya sehemu iliyounganishwa mshipa kwa upasuaji au kuwekewa stenti, kibomba cha kuuweka mshipa wazi. Na mguu uliopoa ghafla, ukapauka, ukawa na ganzi au ukashindwa kusogezwa, hauna saa za kusubiri kwenye korido: weka fomu chini, ita usafiri wa kwenda hospitali, na usimwache mgonjwa atembee mwenyewe hadi kwenye gari.